Upasuaji wa moyo unafanyika Dar, kupona kunafanyika nyumbani. Nesi yuko wapi?

Miaka ya nyuma, Mtanzania aliyehitaji kubadilishiwa valvu ya moyo mara nyingi alisubiri safari ya India. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) ianze mwaka 2015 pale Muhimbili, mambo yamebadilika. Kambi za upasuaji, madaktari bingwa, picha za wagonjwa wakitabasamu wodini: tumeshazizoea kwenye simu zetu.

Tusichokiona ni mwezi wa tatu baada ya ile picha.

Mgonjwa karudi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa daktari aliyemfungua kifua. Ana mfuko wa dawa, tarehe ya kliniki na maelezo aliyopewa asubuhi ya kuruhusiwa, huku ndugu wakihangaika na bili na tiketi za basi. Upasuaji wa mamilioni ya shilingi sasa unategemea nani alizungumza naye asubuhi ile, na kwa dakika ngapi. Mara nyingi mtu huyo ni nesi.

Dawa moja, mitego mingi

Chukua mfano wa valvu ya chuma. Inadumu miaka mingi, ndiyo maana vijana wengi huwekewa. Na kwetu wagonjwa wa valvu wengi ni vijana kweli, kwa sababu ya rumatiki ya moyo, ugonjwa unaoanzia kwenye maambukizi ya koo ya utotoni.

Shida ni kwamba damu huganda kirahisi kwenye valvu hiyo. Kwa hiyo mgonjwa anameza warfarin kila siku, maisha yake yote.

Warfarin ni dawa ya bei nafuu yenye vituko vingi. Ikizidi mwilini, unavuja damu. Ikipungua, damu inaganda, valvu inaweza kukwama, au bonge likapanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Katikati kuna njia nyembamba inayopimwa kwa kipimo cha INR. Kwa wengi wenye valvu za chuma, lengo huwa kati ya 2 na 3.5, kutegemea valvu iko upande gani.

Sasa angalia maisha ya kawaida yanavyoisukuma namba hiyo. Mchicha, matembele na kisamvu vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa. Flagyl uliyonunua duka la dawa kwa ajili ya tumbo inaiongezea nguvu. Diklofenaki ya maumivu ya mgongo inaongeza hatari ya kuvuja damu.

Ushauri wa haraka haraka ni "acha mboga za majani". Ni rahisi kuusema, lakini si sahihi. Mtu aliyekula ugali kwa matembele tangu utoto ataacha wiki 2, kisha atachoka na kurudi kwa kishindo, na INR itayumba. Ushauri sahihi ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, bila kubadilisha ghafla. Huo unahitaji dakika 10, na anayepika nyumbani awepo anasikiliza.

"Hebu nielezee wewe"

Kuna mbinu moja ambayo haihitaji mashine wala mfadhili. Baada ya kueleza, nesi hamuulizi mgonjwa "umeelewa?" kwa sababu kila mtu atajibu "ndiyo, sista". Anasema: "Haya baba, nielezee wewe, ukifika nyumbani hizi dawa utazimezaje? Ukisahau ya leo, kesho utafanyaje?" Akikosea, wanarudia. Wauguzi wanafundishwa hili chuoni. Kulifanya kwenye wodi iliyojaa, nesi mmoja, kengele zinalia huku na kule, ni habari nyingine kabisa.

Huwa tunalalamika kuwa manesi wana lugha mbaya. Wapo, tusidanganyane. Lakini lawama hiyo inatusaidia kukwepa hesabu: sindano iliyochomwa inaandikwa, kidonda kilichosafishwa kinaandikwa, ila mazungumzo ya nusu saa na mgonjwa yanaonekana kama porojo.

Na kuna mambo mgonjwa hatayauliza mwenyewe. Valvu ya chuma inatoa mlio, tik tik, kama saa ya ukutani. Usiku nyumba ikiwa kimya mtu anausikia kifuani mwake, na kama hakuambiwa mapema anaweza kudhani kitu kimelegea. Mwingine anaogopa kurudi kwenye tendo la ndoa. Mwingine analia bila sababu wiki kadhaa baada ya upasuaji, ndugu wanasema hana shukrani.

Zito zaidi ni la mabinti. Warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini binti akishtuka na kuiacha mwenyewe, valvu inaweza kuziba na akafa yeye. Mazungumzo ya uzazi wa mpango lazima yafanyike kabla ya mimba, na yasifanyike mbele ya mama mkwe. Nesi ndiye mwenye nafasi ya kusema, "Mama, tupishe kidogo."

Kuna pia ile ndoo ya lita 20. Mfupa wa kifua uliokatwa unahitaji takribani wiki 6 hadi 12 kuunga. "Usibebe vitu vizito" ni maneno matupu kwa mwanamke ambaye kazi ya kuchota maji ni yake. Inabidi nesi ataje ndoo yenyewe, kilo 20, na amwambie mume akiwa amekaa hapo hapo: hii ni yako mpaka daktari aseme.

Wenzetu walifanyaje

Rwanda walianza mapema. Kuanzia mwaka 2006, wakishirikiana na shirika la Partners In Health, walifungua kliniki kwenye hospitali za wilaya kama Rwinkwavu na Kirehe, zinazoendeshwa na wauguzi waliofunzwa magonjwa ya moyo na kisukari. Nesi anapiga picha rahisi ya moyo kwa mashine ndogo, anarekebisha dozi, anafuatilia waliofanyiwa upasuaji, pamoja na warfarin yao. Daktari bingwa anakuja kusimamia na kuona kesi ngumu.

Mfumo huo ndio ulizaa mkakati wa PEN-Plus, uliopitishwa na nchi za Kanda ya Afrika ya WHO huko Lomé, Agosti 2022. Tanzania imo kwenye kanda hiyo.

Sisi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Tuna pia mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, wenye lengo la kuwafikia zaidi ya 137,000. Hawa wanaweza kugonga mlango na kuuliza kama miguu imevimba, au kama uzito umepanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, dalili kwamba moyo unashindwa na maji yanajaa. Hawawezi kupanga dozi ya warfarin. Hiyo ni kazi ya nesi aliyefunzwa, mwenye daktari wa kumpigia.

Kwa maoni yangu, mahali pa kuanzia ni padogo. Simu moja ndani ya siku 7 za kwanza baada ya kuruhusiwa, iwe kazi rasmi ya nesi, yenye vocha ya ofisi na mahali pa kuiandika kwenye faili. Kisha mashine ya mkononi ya INR, inayotumia tone la damu ya kidole, kwenye hospitali za mikoa ya mbali, ili mtu asipande basi siku nzima kwenda kusomewa namba moja.

Halafu kuna suala la uhamisho. Ni kawaida nesi kuzungushwa wodi. Anafunzwa moyo, anakaa miezi kadhaa, anapelekwa wodi ya wazazi, na wagonjwa waliokuwa na namba yake wanabaki wanapiga simu inayopokelewa na mtu asiyejua INR ni nini. Kumbakiza kwenye kliniki yake kunahitaji tu uamuzi wa uongozi wa hospitali.