Kasi Ikipungua, Bei Haijageuka

Kaa kidogo na vijana wa foreksi mjini Nakuru au kule Njoro, utawasikia wakirudia sala moja: bei imefika kilele kipya, RSI imekataa kuifuata, basi uza. Wanaiita daivajensi, na wanaiamini kama kalenda ya kupatwa kwa jua. Ni imani ya kuchoma akaunti.

RSI, kipimo cha kasi ya bei alichokitangaza Mmarekani J. Welles Wilder mwaka 1978, hulinganisha wastani wa kupanda na wastani wa kushuka kwa bei, kwa kawaida katika vipindi 14. Mwendo wa bei mara nyingi huanza kwa mishumaa mirefu kwenye chati, kisha hupanda kwa hatua fupi zenye kurudi nyuma kidogo. Hapo RSI hushuka hata kama wanunuzi hawajaondoka. Lori linalopanda kutoka Salgaa hadi Mau Summit hupunguza mwendo, lakini nani alisema limeanza kuteremka?

Tazama dola. Ilianza mwaka 2023 ikiwa karibu shilingi 123 za Kenya. Januari 2024 ikavuka 160. Mwagizaji wa vipuri aliyeahirisha kununua dola kila ilipoonekana kuchoka alikuwa akijiongezea gharama. Mgeuko ulikuja Februari 2024, Kenya ilipouza hatifungani ya dola bilioni 1.5 nje ili kupunguza deni la bilioni 2 lililoiva Juni. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Habari ya deni hilo RSI ingeijulia wapi? Yenyewe husoma bei zilizokwisha kupita.

Wakufunzi wa foreksi watatoa chati ambazo daivajensi ilitimia. Bila shaka wanazo. Wamezichagua baada ya matokeo. Waulize zile ambazo daivajensi ilijitokeza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, bei ikiendelea kupaa.

Sisemi ishara hii itupwe. Ikitokea, aliyenunua asogeze kikomo chake cha hasara karibu na bei, wala asiongeze mzigo. Anayetaka kuuza angoje bei yenyewe ivunje bonde lake la mwisho. Atakosa kilele, na hiyo ndiyo ada ya kuwa na ushahidi. Anayeuza kabla ya hapo anabishana na soko, tena kwa pesa za karo.