Dari ya Noah, baridi ya Uyole na jiko la mkaa

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni. Tuongelee kitambaa kinachomgusa abiria kichwani.

Ukipanda gari dogo la abiria la Mbeya kwenda Kyela, hebu inua macho. Mara nyingi utakuta kitambaa cha dari kimeshuka, kimevimba kama puto, au kimeshikiliwa na pini na selotepu. Abiria wa siti ya nyuma anasafiri kainamisha kichwa kama yuko msibani. Tunacheka, tunafika Kyela, tunanunua mchele wetu na kusahau. Mimi nasema hapa kuna jambo, tena si la urembo wa gari.

Kwanza, kwa nini kinashuka? Jibu la kijiweni ni moja tu: gundi feki. Sikatai, feki zipo. Lakini dari ya gari ina tabaka tatu: ubao mwepesi uliokandamizwa, sponji nyembamba ya milimita chache, halafu kitambaa. Kinachokufa mapema ni sponji. Joto na unyevu huila polepole mpaka inakuwa ungaunga wa njano unaomwagikia shati. Sasa ifikirie Kyela: mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, ziwa mlangoni, mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Gari lililokuja kutoka Japani likiwa limeshazeeka linaanikwa stendi vioo juu. Sponji itapona vipi? Fundi akipaka gundi mpya juu ya ungaunga ule, anagundisha vumbi kwenye vumbi. Lazima ashushe ubao wote, akwangue, apige brashi mpaka pawe safi. Kazi ya nusu siku hiyo, na wenye magari hawapendi kuilipia.

Basi gari linapandishwa Mbeya, maana huko ndiko mafundi wa siti waliko wengi. Na hapa ndipo ninapotofautiana na watu. Mbeya iko mita 1,700 hivi, na Juni na Julai usiku nyuzijoto hushuka chini ya 10. Siku hizi kuna vitambaa vyenye gundi mgongoni kabisa, unabandua karatasi unabandika. Watengenezaji wengi wa gundi za namna hiyo wanashauri usibandike chini ya nyuzi 10, na bora iwe kuanzia 21. Gundi ile hushika kwa kulainika na kujaza vishimo vidogo vidogo vya ubao. Ikipata baridi inakuwa ngumu kama kiporo cha ugali, inagusa bila kushika. Ikishashika vizuri, baridi ya baadaye haina neno. Shida ni ile saa ya kubandika.

Gundi ya kopo nayo ina yake. Inapakwa pande zote mbili, kisha unasubiri kimiminika chake kiruke hewani mpaka ukigusa isinate kidoleni. Kwenye baridi hakiruki haraka. Juu panaonekana pamekauka, chini bado mbichi, na asubuhi ya ukungu umande unatua juu yake. Gari likivuka Isyonje na kuteremka Tukuyu mpaka Kyela, joto linaanza kupanda, mvuke uliobaki unatafuta pa kutokea, mapovu hayo! Fundi anatukanwa kwa simu.

Lakini mapovu si kitu. Kinachoniuma ni jiko. Mwenye gari anataka gari lilale gereji jioni na asubuhi liwe barabarani, hesabu isikatike. Fundi afanyeje? Anafunga milango ya kibanda, anawasha jiko la mkaa ili gundi ikauke. Jamani! Gundi nyingi za namna hii zina toluini, ambayo mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 4 tu. Kwa hiyo baridi ya Uyole haimkingi mtu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kulifuata jiko. Na hata usipowaka, mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayomlaza mtu asiamke. Gundi nyingine zina heksani, inayoharibu neva za miguu na mikono taratibu. Japani miaka ya 1960 watu waliokuwa wakitengeneza kandambili majumbani kwao kwa gundi hizo waliishia kushindwa kutembea. Fundi wetu wa miaka ishirini na mbili anayesema "mimi nimezoea harufu" ameambiwa na nani?

Si na kopo. Makopo mengi ninayoyaona yameandikwa Kiingereza au Kichina, na alama ya moto ndogo kama kucha. Tunajisifu kuwa Kiswahili kinafundishwa vyuo vikuu vya Ulaya, lakini onyo la kumwokoa kijana wa gereji halijaandikwa kwa Kiswahili. Anayeingiza bidhaa angelazimishwa kubandika karatasi moja tu: fungua milango, weka moto mbali, usitumie kukiwa na baridi.

Na kwa nini watu wa Kyela wapandishe magari kwenye baridi, wakati Julai ya kwao, kavu na ya joto la wastani, ndiyo hali ya hewa ambayo gundi inaitaka? Kazi hii ingefanyika palepale chini ya mwembe, milango wazi. Vijana wapo, vyuo vya ufundi vinaweza kufundisha kushona siti na dari kama vinavyofundisha kuchomelea. Ukilazimika kufanyia Mbeya, basi iwe kati ya saa tano na saa tisa mchana, ubao uanikwe juani kwanza, kitambaa na gundi vilale ndani ya nyumba, na gari lilale siku moja zaidi.

Hiyo siku moja ndiyo ugomvi. Wenye magari mnaonisoma, hesabu ya siku moja ni shilingi ngapi?