Wae Rebo: Ada Kwanza, Fedha Baadaye

Ndugu msomaji, mtu wa mjini akichoshwa na vumbi, kelele na kodi ya nyumba, huota kijiji. Ajabu ni kwamba kijiji anachokiota mara nyingi si kile alikozaliwa, maana hicho anakijua mno: anajua kisima kilivyo mbali na mbolea ilivyo ghali. Huota kijiji cha mbali, chenye ukungu asubuhi na watu wasiomdai. Leo natukitazame kijiji kimoja cha namna hiyo, tukitazame kwa macho ya mtu mwenye akiba kidogo mfukoni anayejiuliza kama aweza kusafiri huko, kuishi huko, na pengine kuiacha akiba hiyo izae huko.

Kijiji chenyewe huitwa Wae Rebo. Kipo katika nchi ya Wamanggarai, magharibi ya kisiwa cha Flores, Indonesia, kwenye bonde la mlimani zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Jina la kisiwa ni la Kireno, maana yake maua, lakini mkoa wa Nusa Tenggara Mashariki kilimo kisiwa hicho si wa maua matupu. Ni miongoni mwa mikoa maskini ya Indonesia, na vijana wake wengi huondoka kwenda kutafuta vibarua katika mashamba ya michikichi ya Malaysia. Wengine hurudi na vijisenti vya kujengea nyumba, wengine hurudishwa ndani ya majeneza. Yafaa kulikumbuka hilo kabla ya kuusifu ukungu.

Safari si ngumu mwanzoni. Kutoka Jakarta ndege hutua Labuan Bajo, bandari iliyo ncha ya magharibi ya Flores, baada ya saa mbili na nusu hivi. Watalii wengi huishia hapo, kwa sababu hapo ndipo mahali pa kupandia mashua ziendazo kuwatazama kenge wakubwa wa kisiwa cha Komodo. Wewe utachukua gari, na kwa muda wa karibu nusu ya siku utapanda na kushuka milima, ukipita mashamba ya mpunga na vijiji vyenye makanisa makubwa (Wamanggarai wengi ni Wakatoliki), hata ufike Denge. Baada ya hapo barabara huishia njiani, na miguu hushika zamu. Zamani mwendo ulikuwa wa saa tatu au nne. Siku hizi barabara imesogezwa mbele kidogo, kwa hiyo mtu mwenye afya hutumia saa mbili mpaka tatu ndani ya msitu. Kila kilo ya chumvi, kila bati la mafuta, kila gunia la saruji lililowahi kufika Wae Rebo lilipita njia hiyo juu ya mgongo wa binadamu.

Kabla ya kuingia kijijini kuna kibanda, na ndani yake mwanzi wa kugonga. Mwenyeji anayekuongoza huugonga, ili walio chini wajue kwamba mgeni anakuja. Kisha hupelekwi chumbani wala dukani, bali moja kwa moja katika nyumba kuu, nyumba ya ngoma, ambamo mzee huzungumza na wahenga wa kijiji na kuwaarifu habari zako, nawe huweka mchango wako mdogo. Kabla ya jambo hilo kutendeka huruhusiwi kupiga picha hata moja. Wapo wageni wanaonung'unika. Mimi naona ni utaratibu wa haki kabisa: hakuna mjini mtu angeyeingia nyumba ya mwenziwe na kuanza kupiga picha sebule kabla ya kubisha hodi.

Lugha haitakushinda kama unavyodhani. Nyumbani watu husema Kimanggarai, lakini shuleni na serikalini husema Kiindonesia, ambacho asili yake ni Kimalay cha wafanya biashara wa pwani, na ambacho vijana wazalendo walikitangaza kuwa lugha ya umoja tarehe 28 Oktoba, 1928. Lugha hiyo nayo iliazima kwa Waarabu kama yetu. Mtu atakusalimu "apa kabar?", na ndani yake utaisikia habari. Ataita wakati "waktu", msimu "musim", karatasi "kertas", na dunia ataiita dunia. Desturi huiita "adat", nalo ni neno letu ada; tofauti ni kwamba sisi neno hilo tumelipa na maana ya malipo, na wao hawakulipa.

Nyumba za Wae Rebo ni saba, zimepangwa kuzunguka uwanja, kila moja mfano wa pia iliyopinduliwa, kilele chake kikifika mita kama 15 na paa la nyasi na nyuzi za mtende likishuka karibu na ardhi. Huitwa "mbaru niang". Hakuna msumari, miti huingizwa katika matundu na kufungwa kwa kamba za mitete ya msituni. Ndani zimo ghorofa tano. Chini huishi watu, familia kadhaa pamoja, moshi wa jiko ukipanda juu na kuilinda miti isiliwe na wadudu. Ghorofa ya pili huwekwa chakula na vyombo, ya tatu mbegu za msimu ujao, ya nne akiba ya mwaka wa ukame, na ya tano, kule kileleni, sadaka za wahenga. Mtu akikuuliza benki ya kijiji hiki iko wapi, mwonyeshe dari. Na angalia mpango wenyewe: mbegu haziliwi kwa kuwa ziko juu ya chakula, na akiba ya njaa iko juu zaidi, mahali ambapo mkono wa mtoto mwenye tamaa haufiki.

Nyumba hizo nusura zipotee. Mwaka 2008 msanifu wa majengo Yori Antar na wenziwe walipofika kutoka Jakarta, zilikuwa zimebaki nne tu, na baadhi yake zimechakaa. Hatari haikuwa ukosefu wa miti. Hatari ilikuwa kwamba wazee waliojua kujenga walikuwa wakipungua, na vijana hawakuwahi kuiona nyumba ikisimamishwa toka chini. Fedha zilipatikana kwa wahisani wa Jakarta. Ujenzi wakafanya wanakijiji wenyewe, wazee wakielekeza na vijana wakijifunza. Mwaka 2012 UNESCO iliipa kazi hiyo tuzo yake ya juu ya uhifadhi wa urithi kwa Asia na Pasifiki. Hapo, ndugu msomaji, ndipo uwekezaji wa kwanza wa maana uliofanyika Wae Rebo, na waliotoa fedha hawakupata hisa hata moja.

Sasa tuje kwenye fedha zako. Utasikia, hasa Labuan Bajo, kwamba ardhi ya Flores ni mali ya kesho. Tangu serikali ya Indonesia ilipouteua mji huo kuwa moja ya vituo vikuu vya utalii, uwanja wa ndege ukapanuliwa, hoteli zikaota, na Mei 2023 wakuu wa nchi za ASEAN wakakutana hapo, bei za viwanja zimepanda na kesi za ardhi zimepanda pamoja nazo. Ardhi iliyokuwa ya ukoo mmoja imekutwa na hati mbili, wakati mwingine zaidi.

Sheria ya msingi ya ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960. Majina yake utayaelewa nusu bila mkalimani. Umiliki kamili huitwa "Hak Milik", yaani haki ya kumiliki, na huo ni wa raia wa Indonesia peke yao. Mgeni anayeishi nchini kwa kibali aweza kupata "Hak Pakai", haki ya kutumia, kwa muda uliowekwa: kwa kanuni za mwaka 2021 ni miaka 30, yaweza kuongezwa 20, kisha kufanywa upya kwa 30 mingine. Kampuni ya kigeni yaweza kupata haki ya kujenga au ya kulima, lakini serikali huitaka iwe na mpango wa kuwekeza zaidi ya rupia bilioni 10 bila kuhesabu thamani ya ardhi na majengo. Hizo si fedha za mtu aliyedunduliza mshahara.

Ndipo huja rafiki mwenye ulimi laini na kukwambia: nunua kwa jina la mwenyeji, nyote wawili mwandikiane karatasi ya siri. Mtindo huo wa kuazima jina umeenea sana Bali na umevuka bahari mpaka Flores. Kifungu cha 26 cha sheria ile ya 1960 kinasema wazi kwamba uhamishaji wa umiliki kwenda kwa mgeni, uwe wa dhahiri au wa kuzungukazunguka, ni batili. Ardhi huwa ya serikali, na fedha zilizokwisha kulipwa hazidaiwi. Soma tena maneno hayo ya mwisho. Mwenyeji uliyeazima jina lake hukosa shamba la baba yake, nawe hukosa akiba yako, na mwenye ulimi laini tayari amekwisha kula udalali.

Wamanggarai wenyewe walikuwa na njia yao ya kugawa ardhi kabla ya hati zozote. Shamba la ukoo huitwa "lingko". Katikati husimikwa mti, na kutoka hapo mistari huvutwa mpaka kwenye mpaka wa nje, hata shamba zima lionekane kama utando wa buibui. Upana wa fungu la kila familia hupimwa kwa vidole pale katikati: kidole kimoja, viwili, kulingana na heshima na haja ya nyumba. Msimamizi ni mzee wa ardhi, "tu'a teno". Ukisimama juu ya kilima karibu na Cancar, magharibi ya Ruteng, utayaona mashamba hayo chini yako, leo yakiwa ya mpunga wa maji. Usiyasifu kupita kiasi, maana wenye cheo walipata vidole vingi kuliko wengine, lakini jambo moja lilikuwa hakika: fungu lisilo na ncha pale katikati halikuwapo. Mgeni wa kutoka nje ya ukoo angepimiwa kidole gani?

Hata hivyo si kweli kwamba fedha hazina kazi huko. Shida kubwa ya mkulima wa Flores, awe wa kahawa, karafuu au korosho, ni kwamba mahitaji yake huja kabla ya mavuno. Ada ya shule haingoji kahawa iive. Hapo mlanguzi humkopesha na kuyanunua matunda yangali mabichi mtini, kwa bei aitakayo yeye. Desturi hiyo huitwa "ijon", na imewafunga watu kizazi baada ya kizazi. Dawa waliyoipata wengi ni ushirika wa akiba na mikopo. Mmojawapo, Pintu Air, ulianzishwa mwaka 1995 na wakulima wachache wa wilaya ya Sikka, mashariki ya kisiwa hichohicho. Leo wanachama wake ni mamia ya maelfu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Vijiji ya mwaka 2014 imeviwezesha vijiji kupata fedha moja kwa moja kutoka hazina ya taifa na kuendesha miradi yao.

Wae Rebo wao wameshika utalii kwa mikono yao. Mgeni hulipa kwa chombo cha kijiji, si kwa hoteli. Hulala pamoja na wengine juu ya mikeka iliyopangwa kuizunguka nyumba, hula wali na mboga walichopika akina mama kwa zamu, na kahawa anayokunywa imetwangwa kinuni palepale. Akinunua pakiti ya kahawa hiyo, mkulima hupata bei ambayo mlanguzi hangempa. Kwa mtu mwenye akiba ndogo, hiyo ndiyo biashara iliyo wazi: nunua kilicholimwa, lala, lipa, ondoka.

Na kuishi je? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ila viza ya mtalii haikuruhusu hata kulishika hilo jembe kwa ujira. Tena wenyeji wenyewe hawaishi hapo wote. Shule hakuna juu. Watoto huishi Kombo, kijiji cha chini, kwa ndugu au kwa mzazi mmoja, na mwingine hubaki mlimani kulinda kahawa. Familia nyingi zina nyumba mbili na upweke wa aina mbili. Mama anayekupa kikombe asubuhi huenda hajamwona mwanawe tangu Jumapili. Barabara ikiletwa mpaka uwanjani, mtoto atalala kwao, na mgonjwa atafika zahanati akiwa hai. Lakini hapo wageni watakuja kwa mabasi na kurudi jioni, na wenye ulimi laini watakuja nao. Kuhusu jambo hilo waulizwe wanaobeba magunia.

Ukitaka kuwakuta wote pamoja, nenda Novemba, kwenye sherehe ya Penti, wakati wanapoufunga mwaka na kushukuru kwa mavuno. Watoto hupanda toka Kombo na ngoma hushushwa. Lakini mvua huwa imekwisha kuanza mwezi huo, njia ya msituni huteleza, na ruba ni wengi. Chukua soksi ndefu na chumvi kidogo ya kuwabandulia. Anayechelea matope aende kati ya Mei na Oktoba.