UCHANGANUZI: Hofu ya sindano hupandwa nyumbani, hospitali huipalilia

NI nadra kumpata Mkenya ambaye hakulelewa kwa tishio hili: “Usipokula nitamwita daktari akudunge sindano!” Mzazi huitoa kauli hiyo kwa mzaha, mtoto akamaliza chakula chake, na jioni ikapita kwa amani. Miezi kadhaa baadaye, mtoto yuyo huyo anapougua na kupelekwa zahanati, mzazi hushangaa kumwona aking’ang’ania mlango na kupiga mayowe hata kabla muuguzi hajashika bomba la sindano.

Hakuna la kushangaza hapo. Mtoto ameletwa kwa mtu ambaye ameambiwa kwa miaka mitatu au minne kuwa ndiye mwadhibu wake. Anachokiogopa si ncha ya sindano pekee. Anaamini kwamba amekosa, na kwamba siku ya kuadhibiwa imefika.

Suala hili hudharauliwa kwa kuwa huonekana dogo likilinganishwa na uhaba wa dawa, migomo ya wahudumu wa afya na malalamishi kuhusu bima. Hata hivyo, uzito wake hujitokeza kila taifa linapoendesha kampeni ya chanjo. Mnamo Julai 2025, serikali ililenga kuwachanja watoto wa kati ya miezi 9 na miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo. Wengi wa walengwa hao ni wa umri wa kwenda shule, wenye miguu ya kukimbia na kumbukumbu ya kutosha. Aliyeshikwa kwa nguvu na watu wazima watatu akiwa na umri wa miaka minne hahitaji kuambiwa mara ya pili kinachomsubiri chini ya hema la chanjo. Na hofu hiyo haimwachi akishakua. Wapo watu wazima ambao hukwepa kupimwa damu hadi ugonjwa unapokuwa umekomaa.

Baada ya tishio hufuata uongo. Mtoto huahidiwa kwamba anapelekwa kwa nyanya yake au kununuliwa soda, kisha hujikuta kwenye foleni ya kliniki. Akiuliza, huambiwa, “Haitauma.” Njia ya mwongo ni fupi, na hii huishia palepale sindano inapoingia. Tangu hapo mtoto hamwamini muuguzi, wala mzazi aliyekuwa shahidi wa ahadi ile.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu jambo hili mnamo 2015. Linawataka wahudumu wanaochanja wawe watulivu, watumie maneno yasiyotisha, na waepuke kumliwaza mtoto kwa uongo. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kuchanjwa au muda mfupi kabla. Mdogo apakatwe na mzazi badala ya kulazwa chali na kukandamizwa. Kukiwa na chanjo kadhaa siku moja, ile inayouma zaidi iwe ya mwisho. Chanjo ya rotavirusi, ambayo ni matone matamu ya mdomoni, hutangulia sindano. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayohitaji mashine au dawa ya bei ghali.

Ikiwa ni hivyo, mbona hazionekani katika kliniki nyingi? Jibu la haraka ni msongamano. Muuguzi mmoja mwenye akina mama 60 kwenye benchi hana dakika tano za kumweleza kila mtoto. Lakini jibu hilo halitoshelezi, maana mtoto anayepigana na kurusha mateke hula dakika 15, na mayowe yake huwaambukiza hofu wote walio kwenye foleni. Tatizo jingine ni mazoea ya kumtazama mtoto kama mwili unaopaswa kutulizwa ili kazi ifanyike. Madaktari hujadiliana kwa Kiingereza juu ya kichwa chake, ilhali lugha aijuayo ni ya mama yake.

Kuhusu huyo mama, kuna kinaya kikubwa. Nchini Uingereza, mapema miaka ya hamsini, wazazi waliruhusiwa kuwatembelea watoto wao wodini kwa nadra sana. Mnamo 1952, James Robertson alitoa filamu kuhusu msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Huzuni ya mtoto huyo aliyetengwa na mamake iliwaudhi madaktari wengi waliodai kuwa watoto wa wodini huwa watulivu. Ripoti ya Platt ya 1959 ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea bila vikwazo. Kenya haikuhitaji ripoti hiyo: hapa mama hulala wodini na mwanawe, mara nyingine vitanda vikiwa haba kiasi cha wawili watatu kugawana kimoja. Lakini saa ya kudungwa sindano ya mgongoni au kubadilishiwa bendeji ya jeraha la moto inapowadia, mama huyohuyo huagizwa asubiri nje.

Isidhaniwe kwamba kumrejesha mama chumbani kunatosha. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mnamo 2015 yalibainisha kuwa uwepo wa mzazi pekee, mtoto anapotiwa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji, haupunguzi hofu ya mtoto. Mzazi anayetetemeka huipitisha hofu yake kwa anayempakata. Kinacholeta tofauti ni maandalizi. Mnamo 2007, Zeev Kain na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya mpango uliowafunza wazazi namna ya kumshughulisha mtoto, na kuwapa barakoa ya dawa ya usingizi wakafanye naye mazoezi nyumbani. Watoto hao walipokuwa wakisubiri upasuaji, hofu yao ilikuwa ndogo kuliko ya waliopewa dawa ya kuwatuliza, na baadaye walihitaji dawa chache zaidi za maumivu.

Njaa nayo huchangia. Mtoto wa Kenya hukatazwa kula na kunywa tangu saa sita usiku, kisha upasuaji wake ukasogezwa hadi alasiri. Miongozo ya kimataifa huruhusu maji hadi saa mbili kabla ya dawa ya usingizi, na maziwa ya mama hadi saa nne. Mtoto aliyekaa saa 14 na kiu hawezi kutulizwa kwa maneno matamu. Kumweka wa kwanza kwenye orodha ya siku ni uamuzi wa kalamu tu.

Wavulana wana mzigo wao wa ziada. Katika jamii zinazowapeleka hospitalini kutahiriwa wakati wa likizo ya mwisho wa mwaka, kulia ni fedheha. Ujasiri una heshima yake katika mila, na si vyema kuudhihaki. Ila mvulana anayeficha hofu bado anayo, na daktari asiyeulizwa lolote haelezi lolote.

Si kwamba nchi haina pa kuanzia. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, kituo cha watoto cha Sally Test kina wahudumu ambao kazi yao ni kucheza na watoto waliolazwa na kuwasaidia kuyakabili matibabu. Kazi kama hiyo, ikiletwa mbele ya kamati ya bajeti ya kaunti, ni rahisi kuhesabiwa anasa.

Lakini maandalizi hayapaswi kusubiri bajeti hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa hufanyika kabla ya mtoto kufika hospitalini. Mdogo aambiwe siku hiyo au siku moja kabla, maana akijulishwa mapema mno huitafuna hofu wiki nzima. Aliyepita miaka sita hufaidika akijua siku kadhaa kabla. Aambiwe kuwa atahisi kufinywa, kwamba kutaisha, na kwamba anaruhusiwa kulia. Tangu Septemba 2023, nchi ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaozuru nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba ya vifaa na simu za kunakili taarifa. Mazungumzo na mzazi kuhusu atakachomwambia mwanawe kabla ya siku ya kliniki hayamalizi hata dakika 10, na hayahitaji betri ya simu hiyo.