Spika Itangoja

Leo nasema na akina baba hasa. Najua kuna atakayeuliza kama haya ni mambo ya mchungaji kuandika. Ni yangu.

Fungua Marko 5, kuanzia mstari wa 25. Mwanamke ametokwa na damu miaka 12 na pesa zake zimeishia kwa matabibu. Kwa sheria ya Walawi 15 kila anachokalia ni najisi, kwa hiyo anakuja kwa nyuma, kisirisiri. Yesu anasimama katikati ya umati, anamwita Binti. (Ule ulikuwa ugonjwa, na hedhi si ugonjwa. Basi sisi aibu yetu imetoka wapi?)

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisa letu aliniambia binti yake hukosa shule siku tatu kila mwezi. Nikakimbilia kumjibu, "Tutamnunulia sodo, mama." Akaniambia, "Pastor, sodo anazo. Choo cha wasichana hakina mlango." Wanapeana zamu kushika leso pale mlangoni, mwenzao akiwa ndani. Maji hakuna, ndoo ya kutupia hakuna. Anaona heri abaki nyumbani.

Na mimi nilikuwa nimezoea kupeleka pakiti, wasichana wanazishika kifuani, tunapiga picha, naposti, mnaandika Amina. Picha hizo nimezifuta. Hakuna msichana aliyeniomba nimtangaze.

Mwaka 2017 sheria ya elimu ya Kenya ilirekebishwa: msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bure, za kutosha, na pawe na njia salama ya kuzitupa. Kipimo cha vyoo ni tundu moja kwa wasichana 25. Wazazi, mkutano wa shule ukiitwa, ulizeni hayo kwa adabu lakini msikike. Msiniambie tuombe tu. Katika Kumbukumbu la Torati 23 Mungu aliwaagiza Waisraeli wabebe kifaa cha kuchimbia na wafukie uchafu wao nje ya kambi. Kama choo cha jeshi kilimhusu, cha shule kinamhusu.

Ila tusiwanyoshee walimu kidole haraka. Jumapili baada ya ibada niliwaomba akina mama wanionyeshe choo chao hapa kanisani. Komeo limeng'oka. Maji yako kule jikoni. Na tangu Januari nawahimiza mchangie spika ya tatu! Hilo kosa ni langu. Nimeongea na wazee wa kanisa, spika itangoja.

Jumamosi saa tatu asubuhi tunaanza na choo chetu, halafu tutaenda kumwona mwalimu mkuu kuhusu ule mlango. Baba, njoo na nyundo. Na ukipitia dukani, mnunulie binti yako pakiti. Mimi nilinunua ya wangu Jumanne. Mwenye duka akaanza kutafuta gazeti la kuifungia, nikamwambia aache tu.