Kigurudumu cha baba

Mwezi huu nimepata barua ndefu kutoka kwa mama mmoja, mzaliwa wa Tanga, anayeishi Nottingham, Uingereza. Mumewe alifariki mwaka jana. Mtoto wao wa kiume ana miaka 13. Baba aliacha ufito wa kuvulia samaki pamoja na kigurudumu cha mshipi cha zamani, kile kiitwacho sentapini, na kijana anataka kujifunza kukitumia. Wamejaribu mara tatu kwenye nyasi, wakiiga namna ya kurusha waliyoiona kwenye video. Kila mara mshipi umejisokota kama nywele zisizochanwa. Mara ya tatu kijana alikitupa kigurudumu chini, akaingia chumbani, hakutoka hadi asubuhi.

“Je, nimnunulie cha kisasa, hiki nikifungie kabatini?” anauliza mama. “Na je, mwanamke anaweza kumfundisha mtoto jambo lililokuwa la baba yake?”

Nianze na la pili, maana ni jepesi. Anaweza. Samaki hamwulizi mtu kama ni baba au mama.

Sasa tuone kwa nini mshipi unajisokota. Mama mwenzangu, chukua kigurudumu cha uzi wa cherehani, kipitishe kwenye penseli, vuta uzi kwa nguvu, kisha acha ghafla. Mkono umesimama, lakini kigurudumu bado kinazunguka na kutoa uzi usio na mahali pa kwenda. Sentapini ni hivyo hivyo. Ni gurudumu lenye upana wa kama sentimita 10, linalozunguka juu ya pini moja iliyo katikati. Halina gia, na breki yake ni kidole chako. Kilicho kizuri, ukikigonga kidogo tu, huweza kuzunguka dakika nzima. Sifa hiyo ndiyo inayomtesa mwanafunzi.

Kile cha kisasa hakizunguki wakati wa kurusha. Mshipi huteleza kupitia mwisho wake, kama uzi unavyotoka kwenye koni kiwandani. Wala si ajabu, kwani Alfred Illingworth, aliyepata hataza ya kigurudumu cha namna hiyo mwaka 1905, alikuwa mtu wa viwanda vya nguo vya Bradford. Kwa kutupa mbali, cha kisasa ni rahisi zaidi, na anayebisha anajidanganya. Lakini mtoni, pale chelezo kinapochukuliwa taratibu na maji, cha baba kina raha yake, maana mkondo wenyewe ndio unaovuta mshipi. Nottingham, mji tuliozoea kuusikia kwa ajili ya lesi, ulivuma pia kwa vigurudumu hivi, vya mbao na shaba, vilivyotumika katika mto Trent. Kile maarufu kiitwacho Aerial kilibuniwa na Henry Coxon wa mji huo huo, na kutengenezwa na Allcock wa Redditch. Ukikuta majina hayo kwenye chako, usikubali bei ya mtu wa kwanza anayebisha hodi.

Kwa hiyo kosa si la mtoto. Mmeanzia mwisho. Mtupo mlioujaribu, kwa jinsi ulivyoueleza, ni ule unaoitwa kwa jina la F. W. K. Wallis, mvuvi hodari wa Nottingham, na hata watu wazima huhangaika nao.

Anzeni hivi. Fungeni chelezo na chubwi, bila ndoana. (Chubwi zisiwe za risasi. Tangu mwaka 1987 zile ndogo za risasi zimekatazwa kuuzwa huko, kwa kuwa ziliwaua bata-maji wakubwa weupe.) Zuia kigurudumu kwa kidole cha mkono ulioshika ufito. Kwa mkono mwingine vuta mshipi kutoka katikati ya pete za ufito, vitanzi viwili au vitatu, kila kitanzi na kidole chake. Bembeza chelezo kwenda mbele, kisha viachie vitanzi. Kitafika mita chache tu, lakini kigurudumu hakikuzunguka, basi hakuna cha kujisokota. Mtoni, mita chache hizo zinatosha. Inua kidole kidogo, maji yachukue chelezo, na kidole kiendelee kugusa ukingo wa kigurudumu kwa wepesi ili mshipi usilegee. Chelezo kikizama, bana.

Wewe wa Tanga hili hulioni geni. Mvuvi wa mshipi wa mkono hana ufito wala kigurudumu. Ana kidole, na kwa kidole hicho anajua kama ni samaki anadonoa au ni mwamba.

Mtupo wa Wallis uje baadaye. Hapo mkono wa kushoto huvuta mshipi pembeni, kati ya kigurudumu na pete ya kwanza. Ufito unapokwenda mbele, bila kushtua, kidole huachia na mkono ule huvuta, na kigurudumu huanza kuzunguka. Kisha mkono husogea kuelekea kwenye pete, ukiuachia mshipi upite. Chelezo kikikaribia maji, kidole hupunguza mwendo; kikigusa maji, kigurudumu kiwe kimesimama. Dakika 15 kwa jioni zinatosha. Acheni mkiwa bado mna hamu.

Kuhusu kile kitendo cha kukitupa chini, sidhani kijana alikasirikia mshipi. Mtoto aliyefiwa na baba, akishindwa na kitu cha baba, huweza kuona kwamba amemkosa baba mara ya pili. Basi usimwambie, “Baba yako alikuwa akiweza.” Jifunze naye, muwe wanafunzi wawili, naye akuone ukishindwa. Mshipi ukijisokota, ufungueni pamoja bila haraka. Mikono ikiwa na kazi, mtoto huweza kusema lile asilolisema mezani. Naye akitaka cha kisasa, mnunulie. Kigurudumu kisiwe mizani ya kupimia anavyompenda baba yake. Ila kabatini usikifungie. Kiache mahali anapoweza kukigusa.

Kwa kuwa kilianguka, kikague. Pini ikipinda hata kidogo, kitakwaruza. Kitoe, futa vumbi, tia tone moja la mafuta ya cherehani.

Kabla ya kwenda mtoni, yeye kwa miaka yake atapewa leseni bure, lakini lazima aiombe. Wewe utalipia yako ukishika ufito. Tena ulizeni ruhusa ya mwenye ukingo. Na tafadhali, popote mtakapovulia au kufanyia mazoezi, angalieni juu kwanza. Ufito wa kaboni hupitisha umeme, nao hauhitaji hata kugusa waya ili kuua.

Katika mito ya huko, samaki kama barbeli na rochi hawavuliwi kati ya tarehe 15 Machi na 15 Juni ili wazae. Viwanja vya nyasi vya Victoria Embankment viko wazi miezi yote. Niandikie tena mwezi Julai.