Skuli ya Kanisa, Fedha ya Umma

Kisiwa cha Wight kiko kusini mwa Uingereza, karibu na bara yake, kiasi cha kuvukwa kwa feri kwa saa moja au pungufu. Eneo lake halifikii nusu ya Pemba, na wakaazi wake ni kiasi cha watu 140,000, ilhali Pemba, kwa hesabu ya mwaka 2022, ina zaidi ya watu 540,000. Mwaka 2024 Halmashauri ya kisiwa hicho ilipendekeza kufunga skuli kadhaa za msingi. Sababu iliyotolewa haikuwa uhaba wa walimu. Watoto wamepungua, na kwa kuwa fedha za skuli huko hutolewa kwa hesabu ya kila mtoto, skuli yenye viti vitupu hushindwa kuyamudu matumizi yake. Miongoni mwa skuli zilizotajwa zilikuwamo za Kanisa la Anglikana, na hapo ndipo swali lilipokuwa zito zaidi: skuli hizo ni za nani hasa, hata wengine wakae kikao na kuamua zifungwe?

Msomaji wa Unguja au Pemba, ambaye mtoto wake hungoja mkondo wa mchana kwa kuwa asubuhi darasa limejaa, ana haki ya kuuliza hayo yamhusu nini. Yanamhusu kuliko inavyodhaniwa. Wamisionari wa Kianglikana waliofika hapa mwaka 1864 wakiwa na Askofu Tozer walianza skuli yao kwa wavulana watano tu, waliookolewa utumwani na kutolewa na Sultani. Kutokana na hao ikakua skuli ya Kiungani, na kwa upande wa wasichana ile ya Mbweni. Mfano waliokuja nao ulikuwa ule wa skuli ya parokia ya kwao: kanisa, nyumba ya padri, na darasa kando yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilizichukua skuli za misheni na za jumuiya mbalimbali, na tarehe 23 Septemba mwaka huo ikatangazwa elimu bila ya malipo. Sisi tulilimaliza jambo hili kwa tangazo moja. Waingereza walilijadili kwa zaidi ya miaka 100, na mpaka leo hawajalimaliza.

Kwanza yafaa kuondoa dhana moja iliyozoeleka hapa. Tukisikia skuli ya Kanisa, fikra zetu hukimbilia ada, sare za bei kubwa na watoto wa wenye nacho. Huko England sivyo. Skuli ya msingi ya Kanisa la Anglikana ni skuli ya umma: mzazi halipi ada, mishahara ya walimu hutoka katika fedha ya umma, na somo la hesabu ni lile lile linalosomeshwa katika skuli ya jirani isiyokuwa na msalaba mlangoni. Ziko skuli za namna hii zipatazo 4,600, nyingi mno zikiwa za msingi, na zinasomesha watoto wapatao milioni moja. Kiasi cha robo ya skuli zote za msingi za umma za England ni za Kanisa hilo. Huko vijijini, mara nyingi ndiyo skuli pekee iliyopo.

Mambo yalifika hapo kwa sababu Kanisa lilitangulia na Serikali ikafuata. Mwaka 1811 iliundwa Jumuiya ya Taifa ya kusomesha watoto wa maskini kwa misingi ya Kanisa, ikakusudia kila parokia iwe na skuli. Mtindo wake wa kufundishia ulitoka kwa padri mmoja, Andrew Bell, aliyekuwa Madras nchini India, akavutiwa na namna watoto wa huko walivyojifunza herufi kwa kuziandika mchangani, na wanafunzi wakubwa wakawasomesha wadogo. Mtu aliyesoma chuoni hapa kwetu, akafundishwa alifu na be na mwenziwe aliyemtangulia, hatauona mtindo huo kuwa mgeni. Mwaka 1833 Serikali ikatoa ruzuku ya kwanza, pauni 20,000, ikagawanywa kwa jumuiya mbili za kidini zilizokuwa zikijenga skuli. Kwa maneno mengine, dola ilianza kulipa kabla haijamiliki hata darasa moja.

Anayelipa hutaka kujua fedha yake imekwenda wapi. Kanuni ya mwaka 1862 iliifunga ruzuku na matokeo: mkaguzi hufika, humsikiliza kila mtoto akisoma, akiandika na akifanya hesabu, na kila anayeshindwa huipunguzia skuli fedha. Walimu walifanya ambalo mwalimu yeyote mwenye njaa angelifanya. Waliwakaririsha watoto kurasa za kitabu mpaka zikawakaa moyoni, wakayaacha mengine yote. Utaratibu huo ulidumu zaidi ya miaka 30. Twautaja kwa makusudi, kwa kuwa hata katika ofisi zetu wapo wapendao kuipima skuli kwa asilimia ya waliofaulu tu.

Sheria ya 1870 ilileta skuli za umma zisizo za Kanisa pale palipokuwa hapana skuli za kutosha. Ile ya 1902 ikaziingiza skuli za Kanisa katika kodi ya wakaazi, na Wakristo wa madhehebu mengine wakakataa kulipia mafundisho wasiyoyaamini. Baadhi yao mali zao zilikamatwa na kupigwa mnada, na wapo waliokwenda jela. Mwaka 1944, vita ikiwa haijamalizika, Waziri Butler aliafikiana na viongozi wa Kanisa chini ya Askofu Mkuu William Temple. Majengo mengi yalikuwa yamechakaa na Kanisa halikuwa na fedha ya kuyatengeneza. Kila skuli ikapewa khiari ya njia mbili.

Njia ya kwanza, Kanisa libakie na sauti kubwa: liwe na wajumbe wengi katika bodi, liajiri walimu, liamue nani apokewe, na dini isomeshwe kwa mujibu wa itikadi yake, lakini lichangie gharama za majengo. Mwaka 1944 mchango huo ulikuwa nusu kwa nusu. Kidogo kidogo ukateremshwa, na tangu mwaka 2002 ni asilimia 10. Njia ya pili, halmashauri ibebe gharama zote na ipokee watoto, Kanisa libakie na wajumbe wachache, jina, na ibada ya asubuhi. Aghalabu ardhi na jengo ni mali ya wadhamini wa Kanisa, na uwanja wa kuchezea ni wa halmashauri, hata mpira ukipigwa kwa nguvu hutoka katika mali ya mmoja ukaingia katika mali ya mwingine. Tangu mwaka 2010 nyingi ya skuli hizi zimeingia katika jumuiya za skuli zinazopokea fedha moja kwa moja kutoka Serikali Kuu, na hesabu za nani mwenye nini zimezidi kuwa ngumu.

Mtoto hayajui hayo. Huingia skuli akiwa na miaka minne, akaanzia darasa la kupokelewa ambalo nusu yake ni mchezo wa mchanga, maji na mbao za kujengea. Kisha hupanda madarasa sita mpaka afikie miaka 11. Katika kijiji kidogo jengo aghalabu ni la enzi ya Malkia Victoria, la mawe au matofali, lenye paa la mteremko mkali na madirisha yaliyowekwa juu mno, mtoto asione nje akasahau somo. Watoto wakiwa wachache, mwalimu mmoja huchukua madarasa mawili au matatu katika chumba kimoja, akawapa wakubwa kazi ya kuandika huku wadogo wakitamka sauti za herufi. Sauti hizo hupimwa kwa mtihani mfupi mwaka wa kwanza, na mwaka wa sita huja mitihani ya taifa ya kusoma, sarufi na hesabu. Tangu Septemba 2014 watoto wote wa miaka mitatu ya mwanzo hupata chakula cha mchana bure, katika skuli zote za umma.

Ibada hufanyika kila siku, kama sheria inavyotaka kwa skuli zote za umma huko, za Kanisa na zisizo za Kanisa. Huwa ni robo saa hivi: mshumaa huwashwa, kisa husimuliwa, wimbo huimbwa, kisha kimya kidogo cha kufikiri au kuomba. Padri wa parokia hupita siku fulani za wiki. Wakati wa vuli watoto huleta vyakula vya shukurani ya mavuno vigawiwe wenye shida, na Disemba hucheza mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu, wazazi wakibanana katika viti vya watoto. Mzazi asiyetaka mwanawe ahudhurie ibada au somo la dini ana haki ya kumtoa, wala haulizwi sababu.

Haki hiyo ingeonekana ndogo kama si miji kama Blackburn, ambako zimekuwapo skuli za Kanisa ambazo watoto wengi wake ni Waislamu, wajukuu wa wahamiaji kutoka India na Pakistani. Wazazi hao hawakuburuzwa. Skuli iko mtaani kwao, na wapo wanaosema wazi kwamba wanaona bora mtoto asomeshwe na watu wanaomtaja Mungu kuliko wasiomtaja kabisa. Mtoto huyo husikiliza kisa cha Nabii Ibrahim asubuhi kwa Kiingereza, na jioni akakisikia tena msikitini kwa namna nyingine. Sisi ambao katika skuli zetu somo la dini ya Kiislamu ni sehemu ya ratiba, na ambao miongoni mwetu wamo watoto wa Kikristo, twafaa kujiuliza kama mzazi wao anaijua haki yake kwa uwazi kama anavyoijua mzazi wa Blackburn.

Liko jambo ambalo gazeti hili haliwezi kulisifu. Skuli za ile njia ya kwanza, zikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi, zimeruhusiwa kutanguliza watoto ambao wazazi wao huhudhuria kanisani. Padri hutia saini. Matokeo yake yanajulikana na kila mtu huko: wazazi wasiosali huonekana kanisani Jumapili baada ya Jumapili mpaka barua ya kupokewa ifike, kisha hawaonekani tena. Mwenye nafasi na maarifa ya kupanga mambo hupata. Mama anayefanya kazi Jumapili hukosa, na mtoto wake huipita skuli iliyo mbele ya mlango wake akaenda ya mbali. Skuli nyingi za Kanisa zimeuacha mtindo huo kwa hiari yao. Lakini jengo likitengenezwa kwa asilimia 90 ya fedha ya watu wote, na mwalimu akilipwa na watu wote, hatuoni kwa hoja gani jirani awekwe nyuma.

Turejee Wight, na katika vijiji vinavyofanana na vya Wight. Sheria ya 1841 iliwarahisishia wenye mashamba kutoa kipande cha ardhi kwa ajili ya skuli ya maskini, na katika nyingi ya hati hizo lilimo sharti kwamba skuli ikikoma, ardhi irudi kwa aliyeitoa au warithi wake. Miaka ikapita, mashamba yakauzwa, warithi wakatawanyika. Skuli inapofungwa leo wanasheria huanza kuwatafuta wajukuu wa mtu aliyekufa zamani, mpaka Bunge likalazimika mwaka 1987 kutunga sheria nyengine ili ardhi ishikwe na wadhamini wakati wenyewe wakitafutwa. Kadhalika, mamlaka za huko zimewekewa kanuni kwamba skuli ya kijijini isifungwe ila kwa hoja nzito, kwa kuwa skuli ikiondoka, familia changa nazo huondoka.

Neno wakfu halihitaji kufasiriwa hapa. Tunazo nyumba, visima na mashamba yaliyotolewa kwa nia njema, tunayo na Kamisheni ya kuyasimamia, na tunazijua kesi zilizozuka pale nia ilipokuwa kubwa na karatasi ikakosekana. Sasa tazama skuli zetu. Katika vijiji vingi wananchi walisafisha kiwanja, mwenye minazi akakubali minazi yake ikatwe, watu wakachimba mawe na kupandisha kuta, kisha Serikali ikaezeka, ikaleta madawati na walimu. Ardhi yote ni ya Serikali kwa mujibu wa sheria, na hilo hatulipingi. Lakini yule mwenye minazi aliambiwa nini siku ile? Kamati ya skuli ina sauti gani Wizara inapotaka kuunganisha skuli mbili, au kuivunja ya zamani ipate kujengwa ya ghorofa? Mara nyingi jibu limo katika kumbukumbu za wazee wawili watatu na sheha aliyestaafu.

Waingereza waligombana mpaka kupelekana jela, kisha wakaandika: huyu atalipa kadha, yule ataamua kadha, na mzazi asiyeridhika ana njia hii. Twaiomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, ikishirikiana na Wizara ya Ardhi, ianze na skuli zilizojengwa kwa nguvu za wananchi, ichukue maelezo ya waliotoa ardhi na jasho wangali hai, na nakala ya maelezo hayo iwekwe katika ofisi ya mwalimu mkuu na nyengine kwa sheha, kabla ya skuli yoyote kati ya hizo kuunganishwa, kuhamishwa au kuvunjwa.